Kalibu ya Milimita 600

Haya ni maneno niliyoyasema jijini Dar es Salaam mbele ya wahandisi, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, wengi wao wakiwa vijana. Nimeyaandika upya kwa ajili ya kusomwa, nikaondoa mizaha miwili iliyofaa ukumbini tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika taaluma, wataalamu wenzangu mlio kazini, vijana mliomaliza vyuo juzi na mnaohangaikia usajili, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Waandaaji waliponipigia simu waliniomba nizungumzie namna ya kuwa mbunifu kazini, nami nikawaomba wanipunguzie mzigo. Sijui namna ya kumfanya mtu awe mbunifu, na katika miaka 33 ya kuchora mitaro, makalavati na barabara za mitaa ya jiji hili sijawahi kumpokea kijana aliyeingia ofisini siku ya kwanza akiwa hana hata swali moja kichwani. Ninachokijua kidogo ni jinsi maswali hayo yanavyokufa, kwa sababu baadhi yake nimeyaua mwenyewe, na jinsi machache yanavyonusurika. Nitazungumzia hilo tu, na nitajitahidi nisiwacheleweshe, maana najua foleni ya saa kumi na moja inavyowasubiri hapo nje.

Naanza na neno lenyewe. Kitenzi kubuni katika lugha yetu kina nyuso mbili. Ukisema fulani amebuni pampu, umemsifu. Ukisema takwimu zake ni za kubuni, umemshitaki. Ofisini uso wa pili ndio unaofahamika zaidi, kwani mkaguzi wa hesabu akiandika kwamba gharama zimebuniwa, kuna mtu hatalala usiku huo. Ndiyo maana simlaumu sana mkuu wa idara ambaye akisikia neno ubunifu moyo wake unasita kidogo, hata kama mikono yake inapiga makofi. Wenzetu wa majengo wana bahati, kwa kuwa kwenye usajili wanaitwa wabunifu majengo, kana kwamba sisi wahandisi hatutegemewi kubuni chochote. Nilipomlalamikia mmoja wao jambo hili alinijibu kwamba yeye binafsi angeogopa kupita juu ya daraja la kubuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nikisimamia chumba cha michoro katika ofisi moja iliyoshughulikia barabara ndogo za mitaa. Kila barabara ilipokutana na mfereji tuliweka kalavati la bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 600. Iwe Temeke au Kinondoni, kwenye mchanga au kwenye mfinyanzi, mlimani au bondeni, bomba lilikuwa 600. Siku moja fundi sanifu kijana, mwenye miezi mitatu tu kazini, alisimama mbele ya meza yangu akiwa na mchoro mkononi, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza: “Samahani injinia, hii mia sita inatoka wapi?” Nilikuwa na michoro 14 ya kukabidhi kabla ya saa kumi jioni. Nikamwambia, “Mdogo wangu, wewe chora kama zile za nyuma.” Akajibu, “Sawa, mzee,” akarudi kwenye meza yake, na kwa miaka miwili aliyokaa nasi hakuniuliza tena swali la namna ile. Alikuwa mchoraji hodari asiyechelewesha kazi, nami kila mwaka nilimwandikia taarifa nzuri ya utendaji. Taarifa zile zinaniuma kuliko kosa lenyewe, kwa sababu nilikuwa namsifu kwa kunyamaza.

Masika mojawapo kalavati letu moja lilizidiwa. Maji yalipanda, yakapita juu ya barabara, yakala tuta upande wa chini, na kulipokucha bomba lilikuwa limening'inia huku lori la mchanga limetumbukiza gurudumu ndani ya shimo. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Niliagizwa kuandika taarifa ya chanzo, na kwa mara ya kwanza nikashuka masijala kutafuta jibu la swali la yule kijana. Faili la barabara ya kwanza kabisa nililikuta chini ya rafu, kingo zake zimeliwa na mchwa, na ndani yake kulikuwa na dokezo fupi lenye mwandiko mzuri wa kizamani. Mhandisi aliyenitangulia aliandika kwamba mkandarasi aliyepatikana ana kalibu moja tu ya kufyatulia mabomba, nayo ni ya milimita 600. Kwamba eneo linaloleta maji kwenye barabara hiyo ni dogo. Na kwamba kwa barabara hiyo bomba la kipenyo hicho linatosha.

Tazameni jinsi mzee yule alivyofanya kazi yake. Alikuwa na fedha kidogo, mkandarasi mmoja na kalibu moja. Akapima eneo, akakokotoa, akaona kwamba kilichopo kinafaa, akaandika sababu yake. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, ingawa hakuna mtu angempa tuzo. Sisi tuliokuja nyuma yake tulirithi jibu, swali tukaliacha masijala lifaidiwe na mchwa. Kibaya zaidi, hesabu yenyewe si ngumu. Bomba la milimita 900, likiwa na mteremko uleule na ulaini uleule wa kuta za ndani, likijaa linapitisha karibu mara tatu ya maji yanayopita kwenye la 600, kwa kuwa uwezo wa bomba hukua kwa kasi kubwa zaidi kuliko kipenyo chake. Kila mmoja wetu chumbani mle alilisoma jambo hilo chuoni na akalifanyia mtihani. Hatukukosa elimu. Tulikosa mtu wa kuruhusu elimu ile iguse mchoro uliokwisha kuzoeleka.

Nisieleweke kwamba nazilaani kalibu. Bila kalibu hakuna kazi inayokwenda, na mtu anayetaka kufikiri upya kila bomba atamaliza barabara moja akiwa amestaafu. Mfano ninaoupenda uko hapa hapa jijini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta maisha, alianza kuchora mwaka 1968 upande wa Oysterbay, na vifaa vyake vilikuwa vipande vya mbao za dari na rangi za mafuta za dukani, zile za kupakia baiskeli. Ubao ulikatwa mraba wa kiasi cha sentimita 60 kwa 60 na rangi zilikuwa chache. Ndani ya mipaka hiyo akamweka mnyama mmoja au ndege mmoja mbele ya anga tupu, na mkono wake ukatambulika kote. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya uchoraji. Vijana aliowafundisha, wengi wao wakiwa jamaa zake, waliichukua kalibu ile, na waliobaki kuichapa vilevile hadi leo mnawaona wakimuuzia mtalii twiga yuleyule. Wapo lakini waliouliza ubao ule unaweza kubeba nini kingine, wakajaza picha vijiji, masoko, hospitali, mashetani na umati wa watu, hata pale palipokuwa na mnyama mmoja ikawa hakuna nafasi ya kuweka kidole. Wote walinakili. Tofauti yao ni kwamba hawa wa pili walijua kwa nini mwalimu wao alichora vile, na kwa hiyo walijua wapi pa kumwacha.

Sasa nirudi kwa fundi sanifu wangu, maana kuna kijana mwingine aliyeuliza swali kama lake na akapata bahati ambayo wa kwangu hakuipata.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania, na siku moja Mpemba, akiogopa kuikosa, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake naye aliingiza ya kwake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yangali uji. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akakubali, kama watoto wa shule wanavyokubali, lakini swali halikumtoka. Baadaye wauza aiskrimu wa Tanga wakamwambia kwamba wao huweka maziwa ya moto makusudi ili yagande upesi. Nawaomba mkumbuke kwamba mafundi walikuwa wanajua. Hawakuwa na haja ya kueleza, kwa kuwa aiskrimu yao ilikuwa inauzika.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, alimuuliza mwalimu mwingine, naye akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo darasa zima likapata msemo: akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Wengi wetu hapa tungeishia hapo. Kicheko cha wenzako kina nguvu kuliko barua ya onyo, kwa sababu barua ina rufaa na kicheko hakina.

Siku moja Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Ulipofika wakati wa maswali Mpemba alisimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Ni kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakuwa na jibu, na kwa maelezo yake mwenyewe alidhani kijana amekosea, lakini hakuona sababu ya kumdhihaki. Alimuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wengi huahidi na kusahau: alilijaribu. Alimpa kazi fundi sanifu wa maabara, naye akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi.

Mimi kauli hiyo ya fundi hunichekesha kila ninapoikumbuka, kisha hunitisha, kwa sababu ndivyo ofisi nyingi zinavyofanya kazi. Tunarudia mpaka dunia ikubaliane na mchoro wa nyuma.

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja mwaka 1969, na hadi leo wanafizikia duniani huliita jambo hilo kwa jina la kijana wa Magamba. Tena mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walieleza kwamba katika majaribio yao hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto huganda kwanza, na wapo wengine wanaoshikilia kwamba katika hali fulani hutokea. Nalileta hili kwa makusudi. Sikusudii kuwaambia kwamba kila kijana anayechekwa ana haki. Huenda fizikia itakuja kumkatalia Mpemba. Ninachosema ni kwamba swali lake lilistahili friji na fundi, na kwamba aliyekuwa na friji na fundi alikuwa Osborne. Mwanafunzi hakuwa na maabara. Wajibu wa kujaribu ulimwangukia mwenye cheo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na vifaa, na tena kicheko hakikuweza kumdhuru.

Baada ya kuisoma habari hiyo vizuri, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, niliomba kufanya jaribio dogo katika kitengo kingine nilichopewa. Nilinunua kaunta buku la kwaya tatu, nikaliweka karibu na chupa ya chai, mahali ambapo kila mtu hupita, nikaandika juu yake: Andika ulichokiona kazini usichokielewa. Halikuwa daftari la mawazo wala la mapendekezo, na hakuna aliyelazimika kuweka jina. Kila Jumatatu tulichagua mambo mawili, na sharti lilikuwa kwamba anayekwenda kuyaangalia ni mtu wa ngazi ya juu kuliko aliyeyaandika. Mwanzoni wahandisi wenzangu walinung'unika. Mmoja aliniuliza kama tunalipwa kwenda kukagua ndoto za madereva.

Dereva ndiye aliyeandika jambo la maana kuliko yote ya mwaka ule. Aliandika kwamba vibarua kwenye eneo letu moja la kazi humwagilia zege usiku, na mchana jua likiwa kali hawalimwagilii kabisa. Sisi tulikuwa tumeshaandika barua mbili za kumlaumu mkandarasi kwa nyufa zilizojitokeza, na tulikuwa tunajiandaa kuibadilisha saruji. Mhandisi mwandamizi alikwenda, akakaa mchana kutwa, akagundua kwamba maji ya bomba mtaani pale hutoka usiku tu. Simtanki moja la plastiki lilimaliza habari. Siwezi kusema kwamba kaunta buku lile lilijaa lulu. Katika kila mambo manne tuliyoyafuatilia matatu hayakuwa na kitu, mojawapo likiwa ni malalamiko ya siri dhidi ya mpishi wa chai. Hiyo ndiyo bei yake, na ukiona kitengo ambacho kila wazo lake linafaulu, ujue kuna mahali mengine yanazikwa kabla ya kuandikwa.

Lilidumu karibu miaka miwili. Halikuuawa na adui, liliuawa na rafiki. Mkuu mmoja alilipenda mno, akaona taasisi nzima ifaidike, akaagiza litengenezewe fomu. Fomu ikaja na safu zake: jina la mtumishi, wazo lenyewe, faida kwa taasisi, alama. Kila idara ilipangiwa idadi ya mawazo kwa robo mwaka, na idara itakayoongoza ikaahidiwa cheti. Ndani ya miezi minne fomu zilikuwa zinajaa kwa wakati bila kusukumana, na nilipozipitia nikakuta wazo moja limeandikwa kwa miandiko mingi: tuongeze ushirikiano baina ya idara. Hakuna aliyeandika asichokielewa, kwani nani atajaza jina lake, aombe alama kwa ujinga wake? Watu wakiulizwa wanajua nini hujibu kwa tahadhari. Wakiulizwa hawaelewi nini, tena bila kupimwa, hutoa vitu ambavyo hata wao hawakujua wanavyo.

Kuhusu posho na zawadi za wabunifu sina mengi. Watu walipwe stahili zao kwa wakati. Mtu anayewaza ada ya shule hana nafasi ya kuwaza kipenyo cha bomba.

Muda ndio unaonipa shida zaidi, kwa sababu ofisi zetu hupenda wazo lizae ndani ya mwaka wa fedha. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, wazo lililoanzishwa Ubelgiji na Bart Weetjens na ambalo mtu yeyote angelicheka akilisikia mara ya kwanza. Mafunzo ya panya mmoja huchukua miezi kama tisa, ujira wake ni kipande cha ndizi, na kwa kuwa ni mwepesi hukanyaga juu ya bomu bila kulilipua. Panya kutoka Morogoro walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Halafu pua ileile ikaulizwa swali jingine, na panya wakaanza kunusa makohozi ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, yakiwemo yanayotoka katika vituo vya afya vya jiji hili. Jiulizeni panya yule angevuka vipi mapitio ya nusu mwaka katika ofisi yako, mwezi wa sita, akiwa bado anajifunza kutofautisha harufu.

Wakubwa wenzangu watasema hawana nafasi. Nawaelewa, ila kuna mfano mmoja unaonikosesha kisingizio. Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na umri wa miaka miwili na yeye akiiongoza. Hilo peke yake ni la kushangaza, lakini linalonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1969 ilitoka tena ikiwa imesahihishwa. Alirudi kwenye kazi aliyokwisha kusifiwa kwayo, akaikosoa. Sisi mchoro ukipigwa mhuri hatuutazami tena mpaka maji yaulete juu.

Na kurudi huko kusiwe kwa kukaa mezani tu. Soko la Kariakoo, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege inayopitisha hewa na kukusanya maji ya mvua, na chini yake kuna shimoni ambamo biashara ya jumla ilishushwa ili juu pabaki kwa rejareja. Amuli alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kufungua ofisi yao ya kubuni majengo, naye alikuwa amesomea Israeli. Angeweza kuleta soko la kule na hakuna ambaye angemlaumu. Ukisimama chini ya miavuli ile saa saba mchana mwezi Februari, mgongo wako wenyewe utakuambia kwamba aliyelichora alilijua joto la mji huu na alijua mchuuzi anataka kivuli chenye upepo. Jengo liliungua Julai 2021, na siku zile nilisikia vijana wakijadili ukarabati wake kwa kutazama picha kwenye simu, ilhali ofisi yao iko umbali wa kutembea kwa miguu. Niliwashauri waende wakasimame pale. Walikwenda wawili kati ya watano, nami nilihesabu kuwa ni ushindi.

Nimeulizwa pia kuhusu programu za akili mnemba, ambazo sasa zinaandika taarifa zetu na hata kupendekeza vipimo. Nazitumia. Zimenisaidia kukagua hesabu na kunikumbusha kanuni nilizozisahau. Ila ziangalieni kwa jicho la masijala: zinajibu kutokana na michoro ya nyuma ya dunia nzima, kwa hiyo zina kalibu nyingi kuliko mkandarasi yeyote, na dokezo la kueleza kila kalibu ilitoka wapi mara nyingi halimo. Ukiziuliza kwa nini, zitakupa sababu nzuri yenye sarufi safi. Kazi ya kwenda kuona kama sababu hiyo inaujua mtaa wako imebaki kuwa yako. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowang'oa watu bonde la Msimbazi na kuwapeleka wengine kuanza maisha upya Mabwepande, yalituonyesha kwamba hata takwimu za mvua tulizozichukulia kama msahafu zilikuwa kalibu ya zama zilizopita.

Vijana, najua wengi wenu hamna kaunta buku wala mkuu wa kuwalindia swali, na mnaambiwa kila siku kwamba mnabanwa na sheria ya ununuzi, na bajeti, na utaratibu. Sheria inakutaka vigezo visimpendelee mzabuni mmoja. Sijaona kifungu kinachokukataza kuandika kwenye mchoro kwa nini umechagua ulichokichagua. Mstari mmoja unatosha, kama alivyofanya mzee wa dokezo lile: kwa barabara hii, kwa sababu hii. Atakayekuja miaka 20 baadaye atajua kama sababu bado ipo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya ubunifu tunayoipuuza kuliko zote, na haihitaji ruhusa ya mtu.

Yule fundi sanifu nilimtafuta. Siku hizi ana kampuni yake ndogo ya upimaji. Nilimwomba radhi, na kwa adabu ya kwao akasema halikumbuki swali lile, jambo ambalo sikuliamini. Tulipoagana aliniuliza: “Sasa mzee, mlikuja kuweka ngapi pale?” Nikamwambia 900. Akatikisa kichwa, akasema yeye angepima kwanza eneo lililojengwa juu ya bonde, maana tangu wakati ule nyumba zimeongezeka na maji hayazami tena ardhini. Nilikuwa sijapima.

Nimekuja na kaunta buku langu la tatu, hili hapa, na ukurasa wa mwisho umeandikwa wiki iliyopita na binti aliye kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Anauliza kwa nini mifuniko ya zege ya mtaro mmoja kule Sinza imetengenezwa mizito kiasi kwamba watu wawili hawawezi kuinyanyua, wakati mtaro wenyewe unatakiwa kusafishwa kila mara. Nimetafuta kwenye michoro na sikuona sababu. Inawezekana ipo, labda magari hupanda juu yake, labda nzuri kabisa. Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa pale na mtaimbo, yeye na fundi mmoja, na anayetaka kufuatana nasi avae viatu vya kukanyagia matope.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.